Rasimu Kwanza, Alama Baadaye: Watoto wa Atkinson Walivyofundishwa Kuandika

Karatasi ya kwanza ya Kiswahili katika mtihani wa kidato cha nne nchini Kenya humpa mtahiniwa saa 1 na dakika 45 kuandika insha mbili. Kila insha inapata dakika zisizofika 53, na ndani ya muda huo hakuna nafasi ya rasimu ya pili. Mazoea hayo ya mtihani huingia hadi darasani. Mwalimu anatoa mada, wanafunzi wanaandika mara moja, madaftari yanakusanywa kisha yanarudi yamejaa wino mwekundu. Mwanafunzi anaangalia alama, anafunga daftari, na wiki inayofuata anapewa mada nyingine.

Kasoro iko kwenye wakati. Maoni ya mwalimu huenda yakawa mazuri kabisa, lakini yanamfikia mwandishi aliyekwisha kuiacha kazi yake.

Nchini Marekani, kasoro hii ilishughulikiwa kwa bidii kuanzia miaka ya 1970. Mwaka 1971 Janet Emig alichapisha uchunguzi wake juu ya wanafunzi wanane wa darasa la 12 katika eneo la Chicago, ambao walitunga huku wakitamka mawazo yao kwa sauti. Mwaka uliofuata Donald Murray, mwandishi wa tahariri aliyepata Tuzo ya Pulitzer mwaka 1954 na baadaye akafundisha Chuo Kikuu cha New Hampshire, aliigawa kazi ya kuandika katika hatua tatu: maandalizi, rasimu, na kuandika upya. Kwa makadirio yake, maandalizi hula asilimia 85 ya muda wa mwandishi, kuandika upya asilimia 14, na rasimu yenyewe huenda isizidi asilimia 1. Hayo yalikuwa makadirio ya mtu mzoefu, si vipimo vya maabara, lakini yanaonyesha wazi kinachokosekana darasani: shule hutenga muda kwa ajili ya ile asilimia 1.

Jaribio lililofika mbali zaidi lilifanyika kwa watoto wadogo. Kati ya 1978 na 1980, Donald Graves, aliyefundisha chuo kimoja na Murray, alipiga kambi katika shule ya msingi ya Atkinson Academy, New Hampshire, akiwa na Lucy Calkins na Susan Sowers. Waliketi kando ya madawati, wakiandika kile mtoto alichofanya dakika kwa dakika: alipofuta, aliponong'ona, alipogeuka kumuuliza jirani, aliporudi kusoma mstari wa juu. Rasimu zote zilihifadhiwa.

Yaliyoonekana yanastahili kusomwa na kila mwalimu wa insha. Calkins aligundua kwamba baadhi ya watoto wa darasa la tatu, wakiambiwa waandike upya, waliandika rasimu mpya bila hata kuitazama ile ya kwanza. Wengine walirekebisha tahajia na mwandiko tu. Wachache ndio waliorudi na kurudi tena katika maneno yao, wakilinganisha kilichoandikwa na walichokusudia kusema. Kwa hiyo agizo la "andika tena" peke yake halimfundishi mtoto chochote. Kurudia kazi ni stadi, na lazima ionyeshwe.

Ilionyeshwaje? Mtoto alichagua mada mwenyewe, kazi zake zikakaa kwenye jalada moja, na mwalimu akapita mezani kwake wakati rasimu ingali mbichi. Mazungumzo yalikuwa mafupi na yalianza na habari yenyewe, tahajia ikisubiri. Tuseme mtoto ameandika kwamba mbuzi wao alipotea na akapatikana. Mwalimu anauliza: alipatikana wapi, nani alimwona kwanza, wewe ulikuwa unafanya nini? Mtoto anajibu kwa sentensi tano ambazo hazimo kwenye karatasi, na hapo anaambiwa aziingize. Sehemu hii ndiyo moyo wa mbinu nzima, na ndiyo inayoachwa kwanza pale mbinu inapoigwa kwa haraka.

Kosa la kurekebisha tahajia na mwandiko tu huwafuata watoto hadi ukubwani. Mwaka 1980 Nancy Sommers aliwalinganisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa chuo na waandishi wazoefu. Wanafunzi walibadilisha maneno. Wazoefu walibomoa na kujenga upya hoja yenyewe.

Mwaka 1981 Linda Flower na John Hayes wakaongeza onyo muhimu. Walipowasikiliza watu wakifikiri kwa sauti huku wakiandika, waliona kwamba kupanga, kuandika na kupitia hakufuatani kama vituo vya basi: mwandishi hupanga upya akiwa katikati ya sentensi. Chati ya ukutani inayoamuru Jumatatu kupanga, Jumanne rasimu, Jumatano kusahihisha, humsaidia mwalimu kupanga ratiba, lakini mwanafunzi aliyepata wazo bora siku ya Jumatano anapaswa kuruhusiwa kubomoa cha Jumanne.

Darasa la wanafunzi 60 na kipindi cha dakika 40 haliwezi kuiga Atkinson moja kwa moja. Linaweza, hata hivyo, kuandika insha chache zaidi na kukaa na kila moja kwa vipindi vitatu. Katika kipindi cha pili wanafunzi wanasomeana wawili wawili, msikilizaji akitakiwa kuuliza maswali mawili kuhusu asichokielewa, huku mwalimu akizungumza na wanafunzi wanane au tisa kwa dakika tatu tatu, na wengine wakipata zamu kwenye insha zinazofuata. Makosa ya sarufi yanasubiri kipindi cha tatu. Alama zinatolewa mwisho, rasimu ya kwanza ikiwa imebanwa nyuma ya nakala safi, ili mwalimu aone kilichobadilika kati ya hizo mbili na kukipa alama pia.