Pongezi kwa Mkusanyo wa Fiske

Anayetaka kuzichimba saga, masimulizi ya kale ya Aislandi, si lazima afike Reykjavik. Katika Chuo Kikuu cha Cornell, mjini Ithaca, jimbo la New York, upo Mkusanyo wa Fiske, na watunzaji wake wanastahili pongezi za dhati.

Willard Fiske alikuwa mkutubi wa kwanza wa chuo hicho. Aliitembelea Aislandi mwaka 1879, akawa mpenzi wa vitabu vyake maisha yake yote. Baadaye ukazuka mgogoro kati yake na chuo juu ya mirathi ya mkewe, Jennie McGraw. Kesi ilifika Mahakama Kuu ya Marekani, Fiske akashinda mwaka 1890. Mwingine angekinyima chuo kila kitu. Yeye, alipofariki mwaka 1904, alikiachia vitabu vyake vya Aislandi pamoja na fedha za kumlipa mtunzaji mzaliwa wa nchi hiyo. Sharti hilo nalistahi kuliko zawadi yenyewe: hazina ya watu ilikabidhiwa kwa mwenyewe.

Mtunzaji huyo, Halldór Hermannsson, alifika mwaka 1905 akatumikia hadi 1948. Mwaka 1908 alianzisha mfululizo wa Islandica, akaorodhesha na kueleza saga kwa subira ambayo watafiti bado wanaishukuru. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Cornell ilishirikiana na Maktaba ya Taifa ya Aislandi kuziweka kurasa za saga kwenye intaneti, zisomwe bure.