Filamu ya Vita na Ububu wa Mwafrika

Mabeberu walipogombana wao kwa wao mwaka 1914, uwanja wa ugomvi ulikuwa nchi yetu na gharama walilipa watu wetu. Kwa kipimo hicho tunapaswa kuipima filamu ya Shout at the Devil ya mwaka 1976, iliyotokana na riwaya ya Wilbur Smith.

Msingi wake ni kisa cha manowari ya Kijerumani Königsberg, iliyojificha katika delta ya Rufiji. Filamu imeiita Blücher, na inaangamizwa kwa bomu la mashujaa wachache wa Kizungu. Historia inasema vingine. Januari 1915 Waingereza waliiteka Mafia wakaifanya kituo cha ndege na meli. Tarehe 11 Julai 1915 manowari Severn na Mersey, zikiongozwa na ndege kutoka kisiwani humo, ziliishinda Königsberg. Kazi ya wengi imegeuzwa kuwa ujasiri wa mtu mmoja. Ndiyo desturi ya sinema ya mabepari.

Tunakiri kwamba filamu haifichi ukatili wa mkoloni wa Kijerumani. Lakini inampinga mkoloni mmoja ili kumpamba mwenzake. Mtumishi Mohammed amefanywa bubu, tena ameigizwa na Mwingereza, Ian Holm. Sehemu kubwa ilipigwa Afrika Kusini, wakati wa utawala wa makaburu. Je, ni ajabu basi kwamba Mwafrika hasemi?

Ububu huo haumo katika sinema tu. Mizinga 10 ya Königsberg iliopolewa, ikaendelea kupigana nchi kavu, ikikokotwa na Waafrika. Mmoja umehifadhiwa Fort Jesus, Mombasa. Mabaharia wa manowari Pegasus, iliyopigwa Unguja tarehe 20 Septemba 1914, wana makaburi yao kwenye kisiwa kidogo karibu na mji. Wapagazi waliokufa kwa makumi ya maelfu, wengi wao hawana hata alama.

Sisi wa Igowole tuko mbali na bahari, lakini vita hivyo vilifika Iringa mwaka 1916. Ugogo, nafaka na mifugo vilivyotwaliwa na majeshi vilichangia njaa ya Mtunya.

Kwa hiyo mwanafunzi anayetembelea mzinga asiulize tu nani aliufyatua. Aulize nani aliubeba, na nani alimlisha aliyeubeba. Na majibu ya wazee, waliyoyapokea kwa baba na babu zao, yaandikwe sasa.