Ndoo na Mtu si Sawa



Nimeonyeshwa picha ya jamaa fulani, iliyopigwa siku ya Idi, katika hali mbili: kama ilivyotoka, na kama ilivyosafishwa. Katika ya kwanza, baba na mama wamekaa uani, watoto wamewazunguka, na nyuma yao yaonekana kamba ya nguo, ndoo, na bibi mmoja amesimama mlangoni mwa jiko na sinia mkononi. Katika ya pili ukuta ni mweupe pe. Kamba haipo, ndoo haipo, na bibi naye hayupo. Iliyotundikwa ukumbini ni hiyo ya pili.

Kwa macho tu, ya pili ni nzuri zaidi, wala silikani hilo. Nyuso zimejitokeza, na jicho halitangitangi. Tena kuipamba picha si jambo geni kwetu. Katika studio zetu za zamani watu walisimama mbele ya pazia lililochorwa, na marehemu Omar Said Bakor wa Lamu alizikata picha akaziunga upya kwa ufundi wake. Lakini pazia lilijitangaza kuwa ni pazia. Hakuna aliyeona ndege ya rangi nyuma ya mvuvi akadhani mvuvi amenunua ndege.

Ufutaji wa leo hujificha. Mtu hupitisha kidole juu ya simu, nayo ikaziba pengo kwa kukisia ukuta ulivyo, na atazamaye hajui kuwa palikuwa na kitu. Katika Urusi ya Stalin jambo hili lilifanywa kwa makusudi: Nikolai Yezhov, aliyekuwa mkuu wa polisi ya siri, aliuawa mwaka 1940, kisha akafutwa katika picha aliyopigwa pamoja na Stalin kando ya mfereji, na mahali pake pakatiwa maji. Sisi hatuna chuki ile. Sisi twapenda unadhifu tu. Lakini aliyefutwa amefutwa.

Nikauliza yule bibi ni nani. Nikaambiwa ndiye aliyewalea watoto wale wote, na ndiye aliyepika chakula cha Idi ile. Amekwisha kufariki, Mwenyezi Mungu amrehemu, na picha nyingine yake haipo.

Basi, msomaji, tusichanganye ndoo na mtu. Ndoo iondoe, na bora uiondoe kwa mkono kabla ya kupiga. Mlingoti ukionekana kama umeota kichwani mwa mtu, sogea hatua moja kando. Lakini ukimwona mtu nyuma, kwanza uliza ni nani, na kama ni wa nyumba hiyo mwite aje akae na wenzake. Na ukisafisha picha, ile ya asili usiitupe. Ichapishe, uihifadhi, na mgongoni mwake uandike majina ya wote, pamoja na la yule aliyeshika sinia.