DC ya Pili Tawini: Kazi Safi Inavyotambulika

Juzi mkandarasi mmoja hapa Doha alipigiwa makofi kwa kufunga DC ya pili (seva ya kudhibiti domeini) kwenye tawi la mteja wake Ras Laffan, kilomita kama 80 kutoka makao makuu ya West Bay, yenye DC ya kwanza. Alionyesha picha ya skrini yenye alama za kijani, makabidhiano yakasainiwa. Kazi ile ni mbovu, na inaniuma kusikia vijana wetu wa Nairobi na Dar wakiambiwa wajifunze kwake.

Seva kuwaka si kazi. Hata dcdiag, programu ya kukagua DC, isipolalamika, bado hujaona kitu. Kaa kwenye mashine ya karani wa tawi, andika nltest /dsgetdc: na jina la domeini, uone nani anaitika. Kwa yule bwana iliitika DC ya West Bay, na seva mpya imekaa bure.

Wasiojua kazi hawaioni kamwe sababu yake: sabneti. Kompyuta haijui kwamba iko Ras Laffan, inajua anwani yake ya IP tu. DC ya kwanza kuulizwa ndiyo hutazama orodha ya sabneti na kuiambia iko saiti gani, kisha kompyuta huiomba DNS DC za saiti hiyo. Sabneti ya tawi isipoandikwa na kufungwa kwenye saiti yake, kompyuta haina kwao, hivyo inamshika yeyote anayeitika. Hakuna taa nyekundu itakayowaka. Fungua netlogon.log kwenye folda ya debug ya DC, utakuta NO_CLIENT_SITE mstari baada ya mstari, kila mmoja na jina la mashine na anwani yake. Fundi wa kweli huanzia hapo kabla sanduku la seva halijafunguliwa, na hasahau sabneti ya Wi-Fi wala ya chumba kilichoongezwa baadaye.

Kuonyesha kwamba tawi linajitegemea, wadanganyifu huchomoa waya wa laini ya makao makuu mbele ya mteja, karani akaingia, watu wakafurahi. Lakini Windows kwa kawaida huwakumbuka watu 10 wa mwisho walioingia kwenye mashine. Karani angeingia hata kama seva ingekuwa bado bandarini! Fundi mmoja wa Mombasa niliyemkuta Dukhan alikuwa akimwita mtu ambaye hajawahi kuigusa mashine ile, mara nyingi dereva wa kampuni, waya ukiwa nje. Dereva akiingia na sera zake zikashuka, ndipo fundi anatoa kalamu. Wengi hukwama hapo kwa sababu DNS ya tawi bado inaelekezwa makao makuu.

Mengine ni mafupi. Jina la seva litaje mahali. DC isibebe printa wala mafaili ya watu. Kuacha urudufishaji kati ya saiti kwenye dakika 180 ni uvivu, weka 15. Na kazi hii haifanywi Alhamisi, siku ya mwisho ya juma la kazi hapa.

Enzi za Server 2003 laini za matawi zilikuwa nyembamba. Mafundi walibeba nakala ya hifadhidata kwenye diski, wakaandika dcpromo /adv, na kila kilichopita kwenye waya walikijua. Leo laini ni nene na zinaficha uzembe: watu wanaingia kupitia West Bay, wanachelewa kidogo, hakuna anayeuliza. Mpaka faiba ikatwe barabarani, DNS ikose pa kuuliza, na mfanyakazi mpya ashindwe kuingia ilhali seva yenye akaunti yake iko chumba cha pili.