Fundi wa Gari Anayekubali Kukaguliwa

Usimpime fundi wa gari kwa usafi wa ovaroli. Gereji nyingi za mtaani hapa Tudor, Mombasa, ni kiwanja kilichokunywa oili mpaka mchanga ukageuka mweusi, mwarobaini wa kivuli, na kontena la kufungia vyombo. Humo mna mikono inayowashinda baadhi ya waliojificha nyuma ya vioo na kiyoyozi. Cheti nacho peke yake hakitoshi. Mtaa huu umekuwa na shule ya ufundi tangu enzi za MIOME, chuo kilichobadilishwa majina mara kadhaa hadi kikawa Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa mwaka 2013. Waliosomea pale wapo, na waliojifunza kwa kumshikia mjomba tochi wapo pia. Wote nawapima kwa jambo moja: je, mtu mwingine anaweza kuikagua kazi yake?

Anza kumtazama kabla hajashika spana. Mwambie gari linachemsha. Wa kubahatisha atakutajia kipuri papo hapo: "Hiyo ni hedi gasketi, mkubwa." Fundi hasa ataanza kuuliza. Linachemsha likiwa mwendoni au limesimama? AC ikiwa imewashwa? Maji yanapungua bila kuonekana yanakovuja? Gari linalochemsha kwenye foleni ya feri ya Likoni, kisha likapoa likishika mwendo, humfanya ashuku feni kwanza, kwa sababu barabarani upepo ndio unaoifanya kazi ya feni. Linalopanda moto kadiri unavyolikimbiza humpeleka kwenye rejeta iliyoziba, thamostati au pampu ya maji. Hedi gasketi huanza kutajwa pale maji yanapotoweka na moshi mweupe ukazidi, na hata hapo kuna dawa ya kupima kama gesi ya injini imeingia kwenye rejeta. Hedi haifunguliwi kwa hisia.

Akikuuliza unatia maji gani, umempata mtu. Visima vingi vya kisiwani ni vya maji ya chumvi, na bomba linapokauka ndoo ya kisima huishia hata kwenye rejeta. Chumvi hiyo huila alumini ya hedi kimyakimya. Fundi anayejua pwani yake husubiri injini ipoe, hufungua kifuniko, huyatazama maji, na akiyaona ya kahawia hazungumzii spea kabla ya kusafisha njia zote na kutia kulanti.

Siku hizi gereji nyingi zina skana, na wateja wanaiamini kama kipimo cha damu. Lakini kodi ya hitilafu inayosomwa na skana hutaja dalili. P0171, kwa mfano, husema injini inapata petroli kidogo kulingana na hewa. Sensa chafu huileta, pampu dhaifu huileta, na mpira wa hewa uliopasuka, ambao bei yake ni ndogo mno, huileta vilevile. Mtake akuandikie kodi kabla hajaifuta, kisha akueleze alivyoondoa sababu moja baada ya nyingine. Anayefuta kwanza na kuuliza baadaye amekutupia ushahidi wako.

Gia boksi za CVT ndizo mtihani wa haraka zaidi. Nissan nyingi ndogo zilizotoka Japani zinazo, na zinataka oili yake maalumu. Ukizitia oili ya gia boksi ya kawaida, unazichimbia kaburi. Muulize atatia oili gani. Akisema "hizi zote ni moja tu", funga boneti, mshukuru, uende zako.

Kazi ikiisha, usikimbilie kulisikiliza gari. Inama utazame. Pembe za nati zimelainika? Ametumia spana isiyoingia sawasawa. Silikoni imefura nje ya gasketi? Basi na ndani imefura kiasi hicho, na kipande kikikatika kinaweza kuziba chujio la oili. Mimi hutazama waya zaidi ya kitu chochote. Waya zilizosokotwa kwa vidole na kufungwa selotepu zitawasha taa leo, lakini kwa hewa hii ya chumvi shaba itageuka kijani na utarudi na tatizo ambalo huenda skana isilione. Unataka kiungo kilicholehemiwa na kuvikwa mpira. Upande wa spea sina ushabiki: injini iliyotumika Japani naikubali, alternata pia, ila breki pedi, mikanda na bushi za mpira zilizotumika sizitaki hata kwa bure.

Kisha dai vipuri vya zamani. Hapa jicho la mjuzi na sheria vinakutana. Sheria ya Kuwalinda Watumiaji Bidhaa ya mwaka 2012 ina sehemu nzima kuhusu matengenezo ya magari. Inataka makadirio ya bei yatolewe na kazi iidhinishwe kabla ya kutozwa, ankara isiyapite makadirio kwa zaidi ya asilimia 10, na mteja arudishiwe vipuri vilivyotolewa. Tena inamhesabu fundi kuwa ametoa dhamana kwa vipuri vipya alivyofunga na kwa kazi ya kuvifunga, hata kama mdomo wake haukutamka waranti. Wengi hulipa arubuni bila hata kikaratasi, halafu wakashangaa mabishano yanapoanza.

Unaponunua gari kwa muuzaji mambo hugeuka kidogo. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa inamdai mfanyabiashara auze kitu cha ubora unaofaa, lakini ukilikagua gari kabla ya kununua, hutalalamikia kasoro ambazo ukaguzi ule ulipaswa kuzifichua. Kwa hiyo fundi unayemchukua akutazamie gari aandike alichokiona, na aandike pia ambacho hakuruhusiwa kukifungua. Umwambie asome namba ya chasisi. Mifuko ya hewa ya Takata, iliyoitishwa irudishwe duniani kote, huharibika zaidi kwenye joto na unyevu wa muda mrefu, yaani hali ya hewa yetu. Watengenezaji hukuwezesha kutafuta kwa namba hiyo kama gari lako limo. Mifuko hiyo si ya kuchokonolewa chini ya mwarobaini.

Mkishindwa kuelewana, Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, na inatakiwa kuamua ndani ya siku 60. Utaulizwa makadirio, risiti, picha ya kilomita siku ulipoliacha na siku ulipolichukua, kipuri chenyewe, na maandishi ya fundi wa pili. Ila huyo wa pili asifungue boli hata moja kabla hujamwandikia wa kwanza ujumbe wa simu wenye tarehe, ukimpa siku ya kuja kuiona hitilafu. Akija, waache wasimame wote wawili mbele ya boneti. Gari likishafunguliwa bila yeye kuwapo, atasema limeharibiwa huko lilikokwenda, na hakimu hatakuwa na njia ya kumkatalia.