Shilingi 5,000 kwa Kila Anayefaulu

Mwaka 2013 walimu wa darasa la kwanza hadi la tatu katika baadhi ya shule za msingi Tanzania walipelekewa ahadi ambayo hawakuizoea. Kwa kila mwanafunzi atakayefaulu mtihani wa mwisho wa mwaka katika Kiswahili, Hisabati au Kiingereza, mwalimu wa somo hilo angelipwa shilingi 5,000. Mwalimu mkuu naye angepata 1,000 kwa kila ufaulu wa aina hiyo. Hakukuwa na kombe la wilaya wala kushindana na shule ya jirani.

Tupige hesabu kidogo. Mwalimu mwenye darasa la pili la watoto 60, anayefundisha masomo yote matatu, angevuna shilingi 900,000 iwapo kila mtoto angefaulu kila somo. Hilo halitokei popote. Wakifaulu 20 Kiswahili peke yake, anaondoka na 100,000. Si fedha za kujengea nyumba, ila kwa mtu anayesubiri malimbikizo yake na kupandishwa daraja, hata laki moja inayofika kwa wakati ni habari.

Mpango uliitwa KiuFunza na uliendeshwa na Twaweza, asasi ambayo kupitia mpango wake wa Uwezo ilikuwa imeshapita nyumba kwa nyumba ikiwapima watoto na kutangaza kwamba wengi wa darasa la tatu hawawezi kusoma hadithi ya darasa la pili. Takwimu hizo zilizua swali la kawaida: shida ni mwalimu, au ni vitendea kazi? Utafiti wa Benki ya Dunia wa mwaka 2014 uliongeza kuni. Ulikuta karibu nusu ya walimu waliopaswa kuwa darasani hawamo, ingawa wengi wao wamo katika eneo la shule. Mitaani tafsiri ilikuwa moja tu, uvivu. Aliyewahi kukaa ofisi ya walimu anajua kwamba ndani ya nusu hiyo kuna zamu, kuna madaftari yasiyosahihishwa, kuna mgeni kutoka halmashauri, na kuna uvivu pia, tusidanganyane.

Kilichoitofautisha KiuFunza na mijadala ya redioni ni namna ilivyopangwa. Shule 350 katika wilaya 10 ziligawanywa kwa bahati nasibu. Shule 70 zilipata ruzuku tu, shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka. Nyingine 70 zilipata ahadi ya motisha kwa walimu bila ruzuku. Shule 70 zilipata vyote viwili. Zilizobaki, 140, hazikupewa chochote na ndizo zilizokuwa kipimo cha kulinganishia. Kiasi cha ruzuku hakikuokotwa: 10,000 ndicho kiwango ambacho sera ya serikali yenyewe ilikuwa imekiahidi kwa kila mwanafunzi, na shule nyingi zikawa zinapokea pungufu. Kwa hiyo kundi la kwanza lilikuwa jaribio la ahadi ya siku nyingi, kuona nini kingetokea kama ingetimizwa.

Baada ya miaka miwili ruzuku peke yake haikuwa imeinua matokeo ya watoto kwa kiwango kinachoonekana. Sehemu ya sababu ilikuwa nyumbani, kwani wazazi walipoona shule ina fedha walipunguza wanachotumia wao kwa elimu ya mtoto. Motisha peke yake ilileta matokeo mchanganyiko, na hayo nitayarudia. Shule zilizopata vyote viwili ndizo zilizosogea katika masomo yote, kwa takriban 0.23 ya mchepuo sanifu. Wasiotumia lugha ya takwimu wachukue hivi: kwa madarasa ya mwanzo ya shule ya msingi, hilo ni ongezeko la kuheshimika. Na jambo zito zaidi ni kwamba lilizidi jumla ya kile ambacho ruzuku na motisha vilileta kila kimoja kivyake.

Hapa wachambuzi wengi husimama na kutangaza kwamba walimu wanahitaji fedha na vitabu. Kwangu mimi somo halijaisha. Bahati nasibu inatuambia kwamba viwili hivi vinasaidiana, lakini haituambii kilichobadilika ubaoni. Mwalimu mwenye ruzuku alikuwa na vitabu vipya na ratiba ileile, wala hakuwa na sababu ya kubadili mpangilio wa kipindi alichokizoea. Mwenye ahadi ya motisha alikuwa na sababu, lakini watoto watano walikuwa bado wanagombea kitabu kimoja. Hiyo ni dhana yangu, na inakubaliana na matokeo, haijathibitishwa nayo.

Sasa nirudi kwenye motisha peke yake, maana hapo ndipo mambo ya kiufundi yanapokolea. Kulikuwa na mitihani miwili. Wa kwanza uliamua malipo ya mwalimu, na uliendeshwa na watu wa mradi badala ya walimu wenyewe. Wa pili ulikuwa wa watafiti, kwa sampuli ya wanafunzi, na hakuna aliyelipwa kwa ajili yake. Katika mtihani wa malipo, shule za motisha peke yake zilionekana kufanya vizuri. Katika ule wa watafiti, faida yake ilikuwa ndogo na haikuwa ya uhakika. Watafiti wenyewe waliona kwamba sehemu ya pengo hilo ni juhudi za siku yenyewe ya mtihani. Siku ya fedha, mwalimu anahakikisha watoto wamefika na wametulia. Siku ya watafiti ni Jumanne ya kawaida. Anayetaka kujua kama watoto wamejifunza ausikilize zaidi mtihani usiomlipa mtu.

Busia na Teso, magharibi mwa Kenya, kulikuwa na onyo la mapema. Mwishoni mwa miaka ya 1990 shule 50 kati ya 100 zilichaguliwa kwa bahati nasibu, na walimu wa darasa la nne hadi la nane wakawekewa zawadi kulingana na matokeo ya mitihani ya wilaya. Waandaaji walijihami: mwanafunzi asiyefanya mtihani alihesabiwa alama ya chini, ili mwalimu asiwaache nyumbani wanaosuasua. Mahudhurio kwenye mtihani yalipanda kweli, na alama nazo zikapanda. Lakini Paul Glewwe, Nauman Ilias na Michael Kremer walipochunguza namna walimu walivyofundisha, hawakuona walimu wakipunguza utoro wala kubadili ufundishaji. Waliona vipindi vya ziada vya kujiandaa kwa mtihani. Zawadi zilipokoma, faida ikayeyuka. Mwalimu alikuwa ameusoma mkataba sawasawa na akafanya kile kilicholipiwa.

Ndiyo maana swali la kujiuliza katika mpango kama huu ni nini hasa kinacholipiwa. Ufaulu wenye mstari mmoja una kasoro inayojulikana. Mtoto aliyekwisha vuka mstari hana faida mpya kwa mwalimu, na aliye mbali nao hatavuka mwaka huu hata akikalishwa mbele. Anayelipa ni yule wa katikati, anayesoma silabi na kukwama kwenye maneno. Kasoro ya pili ni ya haki. Darasa la mjini ambalo nusu yake wamepita chekechea na darasa la kijiji ambako mtoto anaikuta herufi kwa mara ya kwanza akiwa na miaka saba yanapimwa kwa mtihani uleule, kwa shilingi 5,000 zilezile.

Awamu ya pili ya KiuFunza, 2015 hadi 2016, ililenga kasoro hizo moja kwa moja. Shule 180 ziligawanywa katika makundi matatu ya 60, na moja likabaki bila mpango. Kundi la kwanza la motisha lilifuta mstari mmoja na kuweka ngazi za stadi, ambapo mwalimu alilipwa kwa kila stadi ambayo mwanafunzi ameimudu. Fungu lilitengwa sawa kwa kila stadi, kwa hiyo stadi ngumu ambayo wachache waliimudu ilileta fedha nyingi zaidi kwa kila mtoto. Kundi la pili lilifuata muundo unaosifiwa na wanauchumi kwa usahihi wake. Watoto walipimwa mwanzoni mwa mwaka, wakapangwa na wenzao wa kiwango kilekile kutoka shule nyingine, na mwisho wa mwaka mwalimu akalipwa kwa nafasi ya mwanafunzi wake ndani ya kundi hilo. Ni ligi nyingi ndogo: anayeanza mkiani anashindana na wa mkiani. Kwenye karatasi hakuna mtoto asiye na thamani kwa mwalimu, na shule ya kijijini haionewi.

Mipango yote miwili iliongeza kujifunza. Ule wa ngazi rahisi haukuzidiwa na ule wa ligi, licha ya sifa zote za nadharia.

Hilo halinishangazi. Mwalimu wa darasa la pili anapoandika andalio la somo Jumapili usiku anaweza kuuona mpango wa ngazi: kumi hawa wako kwenye silabi, nane wako kwenye maneno, wiki hii nawavusha watatu. Mpango wa ligi haumpi kitu cha kuandika. Matokeo yake yanategemea watoto asiowajua, katika shule asizozijua, na hawezi kukisia atapata kiasi gani mpaka ripoti ifike. Haki imo ndani ya fomula, ila fomula haionekani kutoka mbele ya darasa. Nina mashaka pia na imani iliyojificha ndani ya muundo huo, kwamba mwalimu ni mtu wa kukokotoa ambaye akipewa bei sahihi atatoa juhudi sahihi. Walimu wengi hawafanyi kazi hivyo. Wanafanya wanachokiona na wanachoweza kukimaliza kabla ya kengele.

Kuna suala la gharama ambalo ripoti haziwezi kulikwepa. Mpango wa ngazi unaishi kwa mtihani wa nje unaoaminika, unaofanywa kila mwaka kwa kila mtoto wa madarasa hayo. Kwa shule 60 asasi inaweza kupeleka wasimamizi wake. Kwa shule za serikali za nchi nzima, ambazo ni zaidi ya 15,000, msimamizi atakuwa mratibu elimu kata au mwalimu wa shule jirani, mtu anayefahamiana na wanaolipwa na anayekutana nao kwenye kikao cha mwisho wa mwezi. Kabla ya kubishana kama dau liwe 5,000 au 7,000, serikali yoyote itakayotaka kuuchukua mpango huu ina kazi ya kuamua ni nani atakayeishika karatasi ya mtihani.