Mzaha, Dhihaka na Utani katika The Orville

Wahakiki wa michezo ya televisheni wana desturi ya kuugawa mchezo wenye kicheko na mambo mazito katika mafungu mawili, kama mwenye duka apimaye sukari upande huu na chumvi upande huu, kisha huuliza ni fungu gani lililozidi. Mfululizo wa Kimarekani uitwao The Orville, uliobuniwa na Seth MacFarlane, umepimwa kwa mizani hiyo tangu ulipoanza kuonyeshwa na Fox tarehe 10 Septemba, 2017. Wapo waliolalamika kwamba mzaha wake waiharibu hadithi; na ulipofika msimu wa tatu, uliotolewa na Hulu mwaka 2022, wapo waliosifu kwamba sasa umeacha utoto. Katika makala haya nataka kuonyesha kuwa mizani yenyewe ina kasoro. Sehemu zilizo bora katika mfululizo huu ni zile ambazo kicheko ndicho kilichozaa uzito, na zilizo dhaifu ni zile ambazo kicheko kilikuwa cha mtungaji peke yake, si cha watu wake.

Lugha yetu yaweza kutufaa hapa, maadam haina neno moja tu la jambo hili. Mzaha ni wa mtu yeyote kwa mtu yeyote, nao hupita. Dhihaka humshusha yule achekwaye. Utani ni kitu kingine kabisa: ni haki, na haki hiyo ina deni lake. Katika makabila mengi ya Tanzania bara, mtani huingia msibani akawachekesha wafiwa, hata akamwiga marehemu mwenyewe, wala hapana anayekasirika. Lakini mtani huyo huyo hutazamiwa kushika kazi za mazishi. Sidai kwamba MacFarlane, aliyejipatia sifa kwa vibonzo vya Family Guy, aujua utani wetu. Naazima neno hili liwe kipimo, kwa sababu sioni jingine lililo bora.

Tumtazame Isaac. Huyu ni mashine yenye umbo la mtu, aliyetoka Kaylon kuja kuishi na wanadamu wa karne ya 25 ndani ya chombo cha anga na kuchunguza tabia zao. Katika sehemu ya tano ya msimu wa kwanza, iitwayo "Pria", mwendesha chombo Gordon Malloy ambandika Isaac usoni vipande vya mwanasesere, pua na macho ya kuchekesha, kisha amweleza kwamba huo ndio utani na kwamba sasa ni zamu yake kulipa. Isaac alipa. Usiku, Gordon akiwa usingizini, amkata mguu na kuuficha. Mganga wa chombo amwotesha mguu mwingine, na baadaye ule wa kwanza wadondoka kutoka darini. Mtazamaji hucheka sana, nami nilicheka. Lakini jambo tulilolicheka ni nini? Ni kiumbe aliyefundishwa haki ya utani bila kufundishwa mipaka yake. Hesabu yake ni sahihi kabisa: mguu waoteshwa tena, basi hasara hakuna.

Kicheko hicho kiliwekwa akiba kwa muda wa mwaka na zaidi. Mwanzoni mwa mwaka 2019, katika "A Happy Refrain", Isaac awa mpenzi wa Dakta Claire Finn, mama wa watoto wawili, kwa kufuata kanuni alizozikusanya katika uchunguzi. Na atakapo kuachwa, ajifanya mume mlevi na mvivu, kwa kuwa kanuni zasema mume wa namna hiyo huachwa. Sehemu mbili tu baadaye, katika "Identity", twajua kwa nini alitumwa. Wakaylon waliwaua wote waliowaumba, na Isaac alikuja kupima kama viumbe wenye damu wastahili kubakizwa. Mwana mdogo wa Claire, aliyempenda kama baba, ndiye agunduaye mifupa chini ya ardhi. Hapo mtazamaji akumbuka mguu ule. Hakuna jambo jipya aliloambiwa juu ya Isaac. Yote alikwisha kuyaona, akayacheka. Na msimu wa tatu ulipoanza kwa "Electric Sheep", Isaac, akichukiwa na wenzake, ajizima mwenyewe kwa sababu kuwapo kwake kwapunguza ufanisi wa kazi. Ni hesabu ile ile ya mguu. Nani atakayesema kwamba mzaha wa "Pria" ulikuwa mapumziko ya hadithi?

Bortus naye ataka maneno machache, hasa kwa sisi tushughulikao na lugha. Katika Star Trek ya mwaka 1966, ambayo ndiyo mzazi wa mfululizo huu, maofisa husema kwa lugha ya kazi karibu wakati wote. MacFarlane amegeuza: maofisa wake husema kazini lugha ya maskani. Bortus peke yake hatoki katika lugha ya ripoti. Katika "Ja'loja" aomba chombo kimpeleke kwao ili apate kwenda haja ndogo, jambo ambalo watu wake hulifanya mara moja kwa mwaka, naye aliomba kwa maneno ambayo mwingine angetangazia vita. Tulimcheka pia alipokuwa amelalia yai lake, yeye mwanamume. Kisha yai likaanguliwa akatoka mtoto wa kike, katika taifa lisilotaka mwanamke, na sehemu ya tatu, "About a Girl", yahusu baraza la kuamua kama mtoto abadilishwe. Bortus alikubali kwanza. Kilichomgeuza moyo ni filamu ya watoto ya Krismasi, habari za Rudolph, kulungu mwenye pua nyekundu, aliyoonyeshwa na wenzake kwa kujifurahisha. Sababu ni ya kitoto, na lugha anayoielezea ni ya hakimu. Barazani yabainika kwamba mtunzi mkuu wa vitabu wa taifa hilo, Gondus Elden, ni mwanamke aliyejificha. Hata hivyo baraza laamua mtoto abadilishwe, naye abadilishwa. Sisi tuliolicheka yai twajikuta tumekaa benchi moja na wazee wa baraza.

Lakini si kila mahali MacFarlane hulipa deni. Katika "Krill", nahodha Ed Mercer na Gordon wajipenyeza katika chombo cha maadui wacha Mungu, ambao mungu wao aitwa Avis. Ed hakomi kufanya mzaha juu ya kampuni ya Kimarekani ya kukodisha magari yenye jina hilo. Mtu wa karne ya 25 ajuaje kampuni hiyo? Ni MacFarlane anayesema, si Ed. Na mwisho wa sehemu hiyo ni mzito mno: Ed awaua watu wazima wote chomboni isipokuwa mwalimu mmoja, awaokoa watoto, na mwalimu yule amwambia kwamba watoto hao sasa watakuwa adui zake. Mwisho huo ungeweza kuwa bora kuliko yote ya msimu wa kwanza. Kilichouharibu ni dhihaka ya hekaluni, kwa kuwa tumefundishwa kuwacheka waabuduo, kisha twatakiwa kwa ghafula kuwalilia.

Kwa sababu hiyo sikubaliani na wale wausifuo msimu wa tatu kwa kuwa kicheko kimepungua. Sehemu nyingine zake ni ndefu kupita haja, na watu wake huhutubiana. Iliyonishika ni "Twice in a Lifetime". Gordon, mcheshi wa chombo, ametupwa katika mwaka 2015, ameoa, amezaa, na hataki kurudishwa. Ed na Kelly waja kumchukua, naye awasihi bila neno hata moja la mzaha. Baada ya misimu miwili ya kumsikia akichekesha, ukimya huo ndio uogofyao. Wao warudi nyuma zaidi katika wakati, wamchukue kabla hajaoa, na yule mke na wale watoto wasiwepo kamwe.